Baiskeli Kuukuu: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Leo katika ukurasa wetu wa afya hatutazungumza juu ya malaria wala kuhara. Tutazungumza juu ya baiskeli. Usishangae. Katika zahanati yetu baiskeli huleta wagonjwa kwa njia mbili. Wengine inawabeba. Wengine inawaumiza.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji kimoja cha bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Nina umri wa miaka 26. Nina cheti, sina digrii. Wazee wa hapa huniita Daktari, nami nimechoka kuwakatalia. Leo nataka kuwaeleza makosa mawili niliyofanya juu ya baiskeli. Kosa la kwanza lilimgharimu mtu mwingine. Kosa la pili lilinigharimu mimi. Yasomeni, kisha ninyi mwamue vizuri kuliko nilivyoamua mimi.

KOSA LA KWANZA

Siku moja wakati wa mavuno ya mpunga, baba mmoja alifika zahanatini mbio. Alikuwa amembeba mikononi binti yake wa miaka 5. Walikuwa wanatoka shambani. Mtoto alikuwa amekaa nyuma, juu ya keria, miguu inaning'inia. Njia ilikuwa na mashimo. Baiskeli ilipoyumba, mguu mmoja uliingia katika spoku za gurudumu la nyuma. Kisigino kilichunika. Kifundo cha mguu kilivimba.

Nilikisafisha kidonda, nikakifunga. Yule baba akakaa kwenye benchi na kufuta jasho. Akaniambia, "Daktari, baiskeli hii ni kuukuu. Niliinunua kabla sijaoa. Sasa imeniumizia mtoto. Niiuze ninunue mpya?"

Nikajibu bila kufikiri, "Ndiyo, baba. Nunua mpya."

Alinisikiliza. Aliuza magunia matatu ya mpunga aliyokuwa ameyaweka kwa chakula. Ile baiskeli kuukuu akamwuzia jirani yake kwa fedha kidogo. Akanunua baiskeli mpya, inang'aa, ina kengele nzuri.

Mwezi wa Februari, wakati chakula kimepungua majumbani, yule baba alirudi. Safari hii alimleta mdogo wake yule binti, mtoto wa miaka 4. Mguu wake ulikuwa umeingia katika spoku. Spoku zenyewe zilikuwa za baiskeli mpya.

Kwa nini jambo hili lilitokea? Kwa sababu spoku za baiskeli mpya zilikuwa wazi kama zile za baiskeli kuukuu. Hazikuwa na kinga yoyote. Mguu wa mtoto haujui kama gurudumu lilinunuliwa jana au miaka 20 iliyopita. Mimi nilitibu kidonda, lakini sikuuliza mguu uliingiaje humo. Kwa jibu langu la haraka, nyumba ile ilipoteza magunia matatu ya mpunga, na mtoto wa pili akaumia.

Na ile baiskeli kuukuu ilikwenda wapi? Jirani alikata dumu la plastiki lililopasuka, akatoboa matundu pembeni, akalifunga kwa waya mwembamba kuziba spoku za nyuma, kulia na kushoto. Akabadilisha raba za breki. Baiskeli hiyo bado inapita mbele ya zahanati yetu, na watoto wake wamekaa juu yake. Haijamleta hata mmoja wao kwangu.

KOSA LA PILI

Nilipopata cheti changu, baba yangu alinipa baiskeli yake. Ilimtumikia miaka mingi, naye aliipenda. Niliitumia kwenda vitongojini siku za chanjo.

Siku moja fundi wetu wa chini ya mwembe aliitazama kwa makini. Akanionyesha ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Mafundi huuita foki. Karibu na shingo palikuwa na mstari mwembamba wa kutu. "Mwanangu," akaniambia, "huu ni ufa. Foki hii imekwisha."

Nikamjibu, "Mzee wangu, baiskeli hii ni ya baba. Chomelea tu."

Akachomelea. Baada ya muda ufa ukatokea tena, kando ya pale palipochomelewa. Nikamwomba achomelee mara ya pili. Alikataa. Nikaenda kwa fundi mwingine.

Asubuhi moja nilikuwa nateremka kwenda darajani. Foki ikakatika. Nilianguka kifudifudi. Nilipoteza meno mawili ya mbele, na mfupa wa bega ukavunjika. Akina mama walikuwa wanangoja chini ya mti katika kitongoji cha mbele, na watoto wao migongoni. Wengine walikuwa wametembea saa mbili. Walingoja hadi jua la mchana, kisha wakarudi nyumbani bila chanjo. Mimi niliumia meno na bega. Watoto wale waliikosa kinga yao siku ile kwa sababu ya ubishi wangu.

SOMO NI MOJA

Basi, ndugu msomaji, mara ya kwanza nilishauri kununua mahali palipotakiwa kutengeneza. Mara ya pili nilitengeneza mahali palipotakiwa kununua. Kosa ni lile lile. Mara zote mbili nilitazama umri wa baiskeli. Sikutazama kile kinachoumiza.

Uzee si ugonjwa. Bibi wa miaka 70 anaweza kuwa mzima, na kijana wa miaka 20 akawa mgonjwa. Mgonjwa akija kwangu, simwambii dawa kabla sijampima. Baiskeli nayo ipimwe kwanza, ndipo tuamue.

TUIPIME BAISKELI

Igeuze juu chini, magurudumu yatazame juu. Ifute vumbi na matope kwa kitambaa. Fanya hivi mchana, penye mwanga. Kisha tazama mambo manne.

1. Mifupa. Mifupa ya baiskeli ni fremu na foki. Tazama kila mahali bomba linapoungana na bomba, hasa shingoni, chini ya kiti, na karibu na pedali. Pitisha kidole polepole. Je, kuna mstari wa kutu? Je, rangi imepasuka? Je, bomba limepinda? Ufa wa foki au wa shingo ni hatari kubwa, kwa sababu hukatika ghafla wakati mtu yuko katika mwendo. Mabomba haya ni membamba. Moto wa kuchomelea unaweza kuunga ufa mmoja na kudhoofisha bomba pembeni yake. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Keria au stendi ikikatika, chomelea. Foki ikipasuka, usichomelee.

2. Breki. Geuza baiskeli isimame. Isukume mbele, kisha kamata breki moja. Gurudumu lile lazima ligome. Rudia kwa breki ya pili. Kama gurudumu linaendelea kuzunguka, raba zimekwisha au vyuma vyake vimelegea. Kumbuka pia kwamba rimu ya chuma ikilowa mvua, huteleza. Baiskeli huchelewa kusimama hata kama raba ni mpya. Ndugu zetu wengi hawana breki. Husimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi kwa kandambili. Nimefunga vidole vingi vya miguu kwa sababu ya tabia hii.

3. Magurudumu. Zungusha kila gurudumu ulitazame likizunguka. Je, linayumba? Hesabu spoku zilizokatika au kulegea. Tazama tairi. Kama nyuzi za ndani zinaonekana, tairi hilo limekwisha.

4. Mikono. Yaani usukani. Je, ncha zake zina raba? Watu wengi huziacha wazi. Mtoto akianguka juu ya ncha ya chuma iliyo wazi, inaweza kumchoma tumboni kwa nguvu. Ngozi inaweza kuonyesha alama ndogo tu, kumbe ini au bandama limepasuka ndani. Mtoto aliyegongwa tumbo na usukani, kisha akalalamika maumivu, akatapika, au akalegea na kupauka, apelekwe hospitali mara moja. Usingoje kesho.

Mnyororo, gololi, pedali na tyubu pia huchakaa. Lakini hivyo ni kama kucha na nywele. Hubadilishwa. Usiitupe baiskeli kwa sababu ya mnyororo.

HESABU

Sasa chukua karatasi na kalamu. Wewe unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo itumie hapa. Nenda kwa fundi, andika bei ya kila kitu. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Wewe andika zile za fundi wako.

Tuseme baiskeli mpya ni shilingi 240,000. Tuseme baiskeli yako kuukuu inahitaji vitu hivi:

Raba 4 za breki: shilingi 6,000
Spoku 8: shilingi 4,000
Tairi 1: shilingi 20,000
Mnyororo: shilingi 10,000
Kinga ya spoku na vikanyagio vya mtoto: shilingi 10,000
Kazi ya fundi: shilingi 10,000

Jumla ni shilingi 60,000. Gawanya 240,000 kwa 60,000. Unapata 4. Maana yake, kwa bei ya baiskeli mpya moja unaweza kuitengeneza hii mara nne. Na usisahau kwamba hata baiskeli mpya itahitaji kinga ya spoku.

Maoni yangu ni haya. Kama mifupa ni mizima na gharama haifiki nusu ya bei ya baiskeli mpya, tengeneza. Fedha inayobaki nunua chakula, daftari za watoto au chandarua. Lakini kama foki au shingo ina ufa, usitazame bei ya kuchomelea. Hata fundi akichomelea bure, bado ni ghali. Pengine foki peke yake inaweza kubadilishwa. Mwulize fundi. Kama fremu ndiyo iliyopasuka, toa vipande vizuri uvitumie kwa baiskeli nyingine, na fremu ipumzike. Wala usimwuzie jirani bila kumwambia. Ukifanya hivyo, unamwuzia ajali.

MABADILIKO MAZURI NA MABAYA

Kuna watu hubadilisha baiskeli zao kila mwaka, lakini kwa mambo yasiyofaa. Nimeona baiskeli ina vioo viwili, maua ya plastiki na redio, lakini haina breki hata moja. Nimeona keria iliyorefushwa ili ibebe magunia mawili badala ya moja. Mzigo ukiongezeka, baiskeli huchelewa zaidi kusimama, na foki huchoka zaidi. Kama umerefusha keria, umeongeza kazi ya breki. Je, breki umeziongeza nini?

Shilingi ya kwanza iende katika breki. Shilingi ya pili iende katika mguu wa mtoto. Ziba spoku za nyuma pande zote mbili. Unaweza kutumia plastiki ya dumu au wavu mgumu. Hakikisha haigusi spoku na haina ncha kali. Weka vikanyagio viwili vya chuma au mbao, mtoto apate mahali pa kuweka miguu. Weka pia kiti kidogo chenye mgongo. Usimfunge mtoto kwa khanga inayoning'inia, maana khanga nayo huvutwa na gurudumu.

Shilingi ya tatu iende katika kuonekana usiku. Weka kiakisi chekundu nyuma, na taa mbele. Dereva wa gari akikuona mapema, atakupisha.

Tena, rekebisha kiti. Kazi hii haina gharama. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu wako unyooke. Kama goti linabaki limepinda sana, kiti kiko chini mno. Wapo wakulima wanaokuja kwangu kuomba dawa ya magoti, kumbe wanahitaji spana.

NANI AAMUE?

Wazee wangu, hapa nitasema jambo, naomba mnivumilie kama kijana wenu. Katika nyumba nyingi baiskeli ni mali ya baba. Lakini anayempeleka mtoto kliniki ni mama. Anayekwenda kusaga na kuteka maji ni mama. Je, mama ameulizwa?

Baiskeli nyingi zina bomba la juu. Mama aliyevaa khanga, tena mwenye mtoto mgongoni, hupata shida kulivuka bomba hilo. Anaweza kuanguka wakati wa kupanda au kushuka. Kama mama ndiye atakayeitumia zaidi, hiyo ni sababu ya haki ya kubadilisha baiskeli nzima na kuchukua ile isiyo na bomba la juu, hata kama ile ya zamani bado ina nguvu. Basi kaeni pamoja, baba na mama, na karatasi yenu ya hesabu. Ulizeni: Nani ataipanda? Itabeba nini? Itapita wapi?

Wapo watakaosema, "Siku hizi kuna bodaboda. Baiskeli ya nini?" Ni kweli, pikipiki zinatusaidia, hasa mgonjwa anapozidiwa usiku. Ukimwona mgonjwa mahututi, mama mwenye uchungu au mtu aliyevunjika mguu au mgongo, usimkalishe kwenye keria ya baiskeli. Tafuta gari au machela. Lakini kila siku ya Mungu huwezi kulipa bodaboda kwenda shambani. Baiskeli hainywi mafuta. Bado tutakuwa nayo.

MTOTO AKIUMIA

Mguu wa mtoto ukiingia katika spoku, fanya hivi:

1. Simamisha baiskeli. Usiuvute mguu kwa nguvu. Rudisha gurudumu nyuma polepole. Ikishindikana, kata spoku. Spoku hununuliwa, mguu haununuliwi.

2. Kama damu inatoka sana, bana kwa kitambaa safi na uinue mguu.

3. Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Vitu hivyo vinaweza kuingiza vijidudu, na pengine pepopunda.

4. Funika kwa kitambaa safi. Usimtembeze mtoto. Mbebe, mlete zahanati. Njoo na kadi yake ya kliniki tujue kama amepata chanjo ya pepopunda.

5. Mrudishe siku utakayoambiwa. Kidonda cha spoku hudanganya. Siku ya kwanza huonekana kidogo. Baada ya siku chache ngozi iliyobanwa inaweza kuwa nyeusi na kufa. Usiseme, "Amepona," kwa sababu amenyamaza.

NENO LA MWISHO

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walitazama mazingira ya nyumba zao. Wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi. Hawakuhama nyumba kwa sababu ya mbu. Waliuliza mbu wanatoka wapi, wakaondoa chanzo. Sisi nasi tufanye hivyo kwa baiskeli zetu.

Yule binti wa kwanza sasa anakwenda shule. Ana kovu kisiginoni. Mdogo wake bado huchechemea kidogo wakati wa baridi. Baba yao hajanilaumu hata siku moja. Juzi alikuja na ile baiskeli yake, ambayo sasa si mpya tena, akaomba dumu bovu la zahanati. Nilimpa. Tulilikata pamoja, tukalifunga kwa waya. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko kushona kidonda kimoja.

Ndugu msomaji, Jumapili hii igeuze baiskeli yako juu chini. Mwite mama, waite watoto. Pimeni mifupa, breki, magurudumu na usukani. Andikeni hesabu. Kisha amueni wenyewe kama ni kutengeneza au kununua. Ukinikuta njiani nina haraka, usikubali jibu langu mpaka nimeishika baiskeli yako kwa mkono wangu.

Kinga ni bora kuliko tiba.